Mjomba Kibarazani: Hela Ikikata Mtaani, Kijana Ndo Anakuwa Mhuni?

Haya wapwa zangu, safu ni ile ile na mjomba ni yule yule. Toleo lililopita niliomba mniandikie majina mnayoitwa mtaani tangu hali ya hela imekuwa ngumu, na mmeniandikia haswa. Mhuni, teja, mzembe, joblesi, kijana wa hovyo, mtoto wa mama, mdangaji, kuna mmoja wa Nanyamba baba yake mzazi anamwita "mzigo" mbele za wageni. Nimechagua barua chache, nimezifupisha, majina nimeyatoa. Penye cha kujibu nimejibu kwa kirefu, kwengine nimepita tu, msinune.

MJOMBA WANGU KAKATAA KUNIDHAMINI

*Shikamoo Mjomba. Mimi kijana wa miaka 26, naishi Chikongola hapa hapa Mtwara mjini. Nilimaliza diploma ya ualimu, kila ajira zikitangazwa naomba, sijaitwa. Nimejitolea kufundisha shule ya msingi mwaka mzima nikaacha maana hata nauli nilikuwa namkopa dada. Sasa hivi niko kijiweni, naendesha bodaboda ya mtu siku ambazo mwenyewe haitaki. Juzi nimepata mchongo duka la vifaa vya ujenzi, wanataka mtunza stoo, masharti barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili wanaojulikana. Mmoja nimempata. Wa pili nikamfuata mjomba, mdogo wake mama, mstaafu, mtu anaheshimika. Akaniambia siweki sahihi yangu kwa mhuni wa kijiweni, ukiiba misumari watanifuata mimi. Mjomba mi sijawahi kuiba hata kiberiti. Na kinachoniuma ye ndo alinipeleka jandoni. Nifanyeje?*

Marahaba mpwa wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimekasirika kidogo, ngoja nipoe ndo nikujibu vizuri.

Kwanza tuangalie kalenda, maana huku kwetu kalenda ya uhuni inafuata kalenda ya korosho. Mwezi wa kumi minada inaanza, maghala yanajaa, malori yanapanga foleni, kila chama cha msingi kinatafuta watu wa kubeba magunia, wa kupanga, wa kushona, wa kupakia, na wakulima wakishalipwa basi bodaboda hailali, mtu anatoka Mangamba anaenda sokoni kununua bati anarudi anaenda tena kununua godoro. Miezi hiyo hutasikia mtu anasema wahuni wa kijiweni. Wanaitwa "vijana wetu", wanaitwa "wachapakazi", mama ntilie anawakopesha bila kuandika. Ikifika mwezi wa pili wa tatu hela imeisha, mvua zinanyesha, abiria hamna, na wale wale vijana wamekaa pale pale chini ya mwembe ule ule, sasa ndo wamekuwa wahuni. Hawajafanya kitu chochote kipya. Kilichobadilika ni mifuko ya wanaowatazama.

Na wewe mwenyewe unajua siku ya bodaboda ya mkataba ilivyo mwezi wa tatu. Umechukua pikipiki asubuhi, hesabu ya mwenye chombo inakusubiri jioni ipo pale pale hata mvua inyeshe kutwa, mafuta umeweka ya buku tatu, mpaka saa nne umebeba mtu mmoja kutoka stendi kwenda Ligula na kaomba umpunguzie kwa sababu anampelekea mgonjwa uji. Saa sita unakaa. Saa nane bado umekaa. Ndo saa hiyo mjomba wako anapita anatoka msikitini, anakuona umekaa na wenzio mnacheka, maana mtu akikosa hela haina maana asicheke, na yeye kichwani kwake keshaandika ripoti nzima. Angepita saa kumi na mbili asubuhi ulipokuwa unafuta tope kwenye taa asingekuona mhuni, lakini saa hiyo yeye yuko kitandani.

Jambo la pili, hii habari ya "umesoma mbona huna kazi" naomba wazazi na wajomba wote waisikie. Mwaka 2025 TRA, mamlaka ya mapato, walitangaza nafasi 1,596 tu, maombi yaliyoingia yalipita 135,000. Gawanya mwenyewe, kila kiti kimoja kinagombewa na watu zaidi ya 80. Sasa wale 79 wanaobaki nje ni wazembe? Wote wale? Wengine wana shahada mbili. Upande wa walimu ndo kabisa, tangu ajira mpya serikalini ziliposimamishwa 2016 ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti feki, foleni ikaanza kurundikana, na kila mwaka vyuo vinamwaga wengine juu yake. Mjomba wako enzi zake mtu akimaliza chuo anapangiwa kituo na barua ya kuripoti anapewa. Hajui foleni hii, na sio kosa lake kutojua, ila ni kosa kuhukumu kitu usichokijua.

Haya, ufanyeje. Usirudi kwake na hasira na wala usiende kumjibu kibarazani mbele ya watu, utakuwa umempa ushahidi. Nenda shule ile uliyojitolea, muombe mwalimu mkuu barua, mwaka mzima unaingia darasani bila mshahara sio kitu kidogo, aandike ulikuwa unafika saa ngapi na ulikuwa unafundisha nini. Umtangulize mama yako. Huku kwetu mjomba hakatai kirahisi akija dada yake, hilo unalijua. Mkikaa nae muulize swali moja tu kwa heshima: mjomba, kuna kitu gani nimefanya? Sio naitwaje, nimefanya nini. Kama kipo atakitaja na utajua pa kurekebisha. Kama hakipo atatafuta maneno, na mama yako atakuwa amekaa hapo anasikia.

Akikataa tena achana nae, usikose kazi kwa ajili ya sahihi ya mtu mmoja. Muulize huyo tajiri wa duka kama mwalimu mkuu anaweza kukudhamini, au imamu, au balozi wenu wa nyumba kumi, mara nyingi wanachotaka ni mtu anayepatikana, hawajali ni ndugu au sio ndugu. Na hiyo fomu ya udhamini isome kabla hujampelekea mtu, uone inamfunga kwenye nini, maana watu wengi wanaogopa kusaini kwa sababu wanadhani wakisaini nyumba yao imeshawekwa rehani.

NYIE NDO MNAWAHARIBU VIJANA

*Ndugu mhariri wa Kibarazani, mimi ni mkulima wa Tandahimba, nina miaka 58. Unawatetea sana hawa watoto. Mimi ninao watatu nyumbani. Hawataki shamba, wanataka hela ya haraka, kutwa mikeka ya mpira kwenye simu. Msimu uliopita mmoja kachukua korosho zangu gunia zima kauza kangomba (kwa magendo, nje ya chama) bila kuniambia. Sasa mtu kama huyo nimwite nani? Malaika?*

Malaika hapana ndugu yangu. Huyo mwite mwizi wa gunia moja la korosho, na umdai gunia moja la korosho. Mi sijasema vijana hawakosei. Nachosema ni kwamba ukimwambia "umechukua gunia langu" ana cha kukujibu na ana cha kurudisha, lakini ukimwambia "we ni wa hovyo" hana cha kurudisha, na wale wenzie wawili ambao hawajagusa kitu nao umewatia humo humo. Halafu hiyo mikeka kweli inamaliza watu, hapo tuko pamoja, nimeona mtu anaweka hela ya hesabu ya bosi kwenye timu ya Ureno hata jina hawezi kulitamka.

Ila hili la kusema hawataki shamba naomba tuongee kiutu uzima. Shamba la nani? Mkorosho ni mali ya ukoo, umepandwa na babu, na huku kwetu kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, mali ya ukoo inapita upande wa mama na wenye kauli ni wajomba. Kijana wa miaka 22 hana hata mti mmoja anaoweza kusema huu wangu. Anapalilia ya kwako. Mwezi wa sita na wa saba anapuliza salfa kwenye mikorosho yako, asubuhi na mapema upepo haujaanza, unga wote unamuingia machoni. Mwezi wa kumi anaokota. Halafu hela inaingia kwenye akaunti yako maana mwanachama wa AMCOS, chama cha msingi, ni wewe. Yeye anapewa "ya sabuni". Baada ya misimu mitano ya namna hiyo akisema hataki shamba, huyo sio mvivu, huyo kapiga hesabu.

Mpe eka moja. Sio kwa mdomo, mbele ya wajomba zake, iandikwe. Miche ya kisasa ya kubebesha, ile mbegu inayotoka kituo cha utafiti Naliendele, inaanza kuzaa kama mwaka wa tatu hivi, kwa iyo sio kwamba utamwambia asubiri mpaka azeeke. Katikati hapo apande karanga au mbaazi au ufuta ale. Halafu baada ya hapo ukimkuta amelala, njoo uniandikie tena na mi nitakuwa upande wako.

Kuhusu kangomba. Tuwe wakweli, kangomba haianzi kwa kijana aliyeiba gunia. Inaanza kwenye miezi ya njaa pale mtu mwenye hela zake, na mara nyingi ni mtu mzima, ana duka, anaheshimika, anapita nyumba kwa nyumba kununua korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, kwa sababu anajua mwenye shamba ana mgonjwa au ana ada ya mtoto. Wanaotumwa kuzunguka na vibaba ndo hao vijana. Likitokea la kutokea anayeitwa kangomba ni yule mwenye kibaba mkononi. Mnakumbuka msimu wa 2018, bei za mnada zilikuja chini wakulima wakakataa kuuza, Novemba hiyo Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba. Sasa ukaja uhakiki wa nani ana shamba kweli na nani hana, malipo yanasubiri uhakiki, hela haipo mitaani, maduka Masasi, Newala, mpaka Lindi yamelala. Miezi ile kila kijana aliyeonekana na viroba viwili vya korosho alikuwa mtuhumiwa, hata kama kapewa na shangazi yake kama ujira wa kuokota.

Na hii tabia sio ya jana wala juzi. Wewe una miaka 58, 1983 ulikuwa kijana, bila shaka unakumbuka. Nchi imetoka vitani na Idi Amin, hazina haina kitu, sabuni ya foleni, sukari ya foleni, khanga kwa kibali. Sokoine ndo Waziri Mkuu. Mwaka ule ule ikatungwa sheria ya Nguvukazi, na Dar es Salaam watu wakawa wanakamatwa mitaani, asiyeweza kuonyesha kitambulisho cha kazi anaitwa mzururaji anarudishwa kijijini kulima. Wengi walikuwa vijana wanaouza karanga, maji, sigara moja moja. Yani kazi rasmi hazipo kwa sababu viwanda havina vipuri na nchi haina fedha za kigeni, lakini mwenye kosa akawa ni muuza karanga. Na wengi wao walirudi mjini tena maana kijijini nako jembe lilikuwa halipatikani dukani.

Sisi wa kusini hili lilitugusa kuliko wengine. Vijana wa Lindi walivyokwenda Dar kutembeza bidhaa mkononi, Wamachinga, jina la kabila zima likageuka jina la kila mtu anayefukuzwa na mgambo nchi hii. Kwa miaka mingi kuitwa machinga lilikuwa tusi. Kisha Desemba 2018 vikatolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, 20,000 kwa kimoja, na viongozi wakaanza kulitaja jina hilo kwenye hotuba kwa tabasamu. Muuza soksi hakubadilika kitu, soksi ni zile zile.

WANANIITA MDANGAJI

*Mjomba mimi dada wa miaka 23, Lindi mjini. Nauza nguo za mtumba kwa kupiga picha na kuposti, mteja akitaka nampelekea. Nilianza na mtaji wa vikoba wa mama. Nikinunua simu nzuri kidogo kwa ajili ya picha, mtaani wanasema nimehongwa. Nikirudi saa mbili usiku nimetoka kupeleka mzigo wanasema nimetoka kudanga. Mchumba wangu nae kaanza kuuliza maswali. Kaka yangu hana kazi kabisa yeye wanamwonea huruma wanasema "maisha magumu".*

Mpwa wangu wa kike, hiyo sentensi yako ya mwisho ndo barua nzima. Kijana wa kiume akikosa hela ataitwa mzembe au ataonewa huruma, akizipata wanampongeza. Wa kike akikosa ni tegemezi, akizipata ni mdangaji, hapo pa kutokea hapapo, kwa iyo usitafute pa kutokea.

Mchumba wako mwonyeshe daftari. Sio kwamba una kesi ya kujibu, ila mtu anayetaka kukuoa ni vizuri ajue umenunua mzigo kiasi gani na umeuza kiasi gani, tena muulize na yeye la kwake. Akiliona daftari na bado anauliza, hapo umeshajua unaolewa na nani. Majirani hao hawahitaji daftari, waambie gauni la maua lipo saizi zote.

NIMEKAMATWA KWA UZURURAJI

*Habari Mjomba. Bodaboda wa Masasi hapa. Wiki mbili zilizopita usiku wa saa nne tulikuwa tumepaki kona tunasubiri basi la Dar, wakaja wakatukusanya wote sita, tunaambiwa nyie wazururaji, mmejaa vibaka hapa. Tulilala ndani. Asubuhi ndugu zetu wakatakiwa hela ndo tutoke. Hivi kukaa kona ni kosa?*

Kukaa kona kusubiri basi ni kazi, sio kosa. Ila sheria yenyewe ina historia na ni vizuri uijue.

Kanuni ya Adhabu tuliyonayo tulirithi kwa Mwingereza, ilianza kutumika 1945, na vifungu vya 176 na 177 viliandikwa kwa ajili ya watu wanaoitwa wazembe, wazururaji na wasio na njia ya kueleweka ya kujipatia riziki. Mkoloni aliviweka kwa sababu hakutaka Mwafrika azagae mjini bila bwana. Uhuru tukapata, vifungu vikabaki. Na nchi nyingi Afrika ziko hivyo hivyo. Mpaka tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iko hapa hapa kwetu Arusha, ikatoa maoni ya kisheria, wameombwa na chama cha mawakili wa Afrika, kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake ya umaskini na sio kwa kitu alichokifanya, na kwamba nchi zinatakiwa zizifute au zizirekebishe. Maoni sio hukumu, hayafungui mlango wa mahabusu kesho asubuhi, lakini wakili akisimama anayo ya kusoma.

Siku nyingine likikukuta: uliza kwa upole kosa ni lipi, una haki ya kuambiwa. Onyesha leseni na kitambulisho cha chama chenu cha bodaboda. Dhamana ya polisi haina malipo, imeandikwa hata kwenye kuta za vituo, dhamana ni bure, kwa iyo mtu akitaka hela muombe risiti uone atakavyobadilika. Na kama mna chama kiende kwa mkuu wa kituo mchana, mkiwa wasafi, na mwenyekiti wa mtaa, mkapeleke orodha ya wanaopaki kona ile usiku na namba za pikipiki. Sisemi ni haki mjieleze namna hiyo kana kwamba mmefanya kosa. Nasema inasaidia, maana basi la Dar litaendelea kufika usiku na nyie mtaendelea kulisubiri.

HIVI NI BONGO TU?

*Mjomba, nasoma chuo mwaka wa pili hapa Mtwara. Tunabishana hosteli, wengine wanasema hii tabia ya kuwasema vijana vibaya ni ya nchi maskini tu. Eti kweli?*

Uongo mtupu, waambie wakalale. Japani uchumi wao ulipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 makampuni yakaacha kuajiri, vijana wakabaki kwa wazazi wanafanya vibarua. Mwaka 1999 msomi wao mmoja, Masahiro Yamada, akawaandikia kitabu kizima akiwaita jina ambalo kwa Kiswahili ni kupe, kwamba wananyonya wazazi. Jina likaenea nchi nzima. Miaka 20 baadae, 2019, serikali ya Japani ikaanzisha mpango maalumu wa kuwatafutia kazi watu hao hao, wakati huo wengi wana kati ya miaka 35 na 40 na kitu, ikikubali kwamba walitoka shule kipindi kibaya. Italia nako 2007 waziri wa uchumi Tommaso Padoa-Schioppa aliwaita vijana wanaoishi kwa mama zao "bamboccioni", yani mitoto mikubwa, watu wakamjia juu kwelikweli maana mshahara wa kijana ulikuwa hautoshi hata kodi ya chumba. Hispania wanawaita ni-ni, hasomi wala hafanyi kazi, na jina hilo lilivuma kipindi ambacho zaidi ya nusu ya vijana waliokuwa kwenye soko la ajira hawakuwa na kazi, 2013 hiyo.

Kuna kitu kingine muhimu zaidi ya majina. Watafiti waliofuatilia wahitimu wa vyuo vikuu Canada waliona kwamba aliyemaliza mwaka wa mdororo anaanza na kipato cha chini kwa karibu asilimia 9, na inamchukua kama miaka 10 kulifikia kundi la waliomaliza mwaka mzuri. Chuo ni hicho hicho, kozi ni hiyo hiyo, tofauti ni mwaka aliotoka getini. Kwa iyo ukimkuta mtu wa miaka 33 bado anajikongoja, kabla hujamuita jina muulize alimaliza lini.

Na hapa hapa Mtwara tunayo mifano. Miaka ile ya gesi, 2011, 2012, kila mtu alijua ajira inakuja, gesti zimejaa, viwanja bei juu, watu wanasomea ufundi wa kuendana na gesi. Bomba likajengwa kwenda Dar, 2013 vurugu zikatokea watu wakaumia na kufa, na jina lililotembea kwa vijana wa Mtwara lilikuwa hilo hilo moja, wahuni. Bomba lenyewe lilikamilika 2015. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo yuko thelathini na zaidi, ana watoto, na wengine ndo hawa tunaowaita wazee wa kijiweni.

AMEANZA KUJIITA MWENYEWE

*Shikamoo kaka. Mimi mama wa watoto wanne, Mikindani. Kijana wangu wa pili ana miaka 21, form four alifeli. Zamani akiitwa mhuni alikuwa anagombana na watu. Siku hizi hagombani, anacheka tu anasema "mimi ndo mhuni bana, mtanifanya nini". Ameanza kukaa na kundi la wanaokunywa pombe ya nipa mchana. Mimi naogopa zaidi sasa kuliko alipokuwa anagombana.*

Marahaba dada yangu. Unaogopa kitu sahihi. Mtu anayekataa jina bado ana nafasi nyingine anajiona nayo. Akilikubali maana yake amechoka kubishana, na lile kundi la nipa ndo mahali pekee ambapo jina hilo halimpunguzii kitu, pale wote wanaitwa hivyo, anakaa kwa amani. Kwa iyo ukimpigia kelele aache kundi unamwambia aache sehemu pekee anayosalimiwa vizuri, hawezi.

Anza nyumbani. Hilo neno lisitamkwe tena ndani kwako na mtu yeyote, hata mdogo wake kwa utani, hata baba yake akiwa amekasirika. Halafu mtafutie kazi ndogo ambayo kuna mtu anamtegemea, narudia, anamtegemea, sio kazi ya kumweka bize. Mikindani hapo kuna wavuvi, kuna mafundi wa ngalawa na mashua, kuna anayetengeneza mashine za boti. Nenda wewe mwenyewe kaongee na fundi mmoja amchukue miezi mitatu, hata kwa chakula tu na nauli, na umwambie ukweli wote wa kijana, usimfiche la nipa. Fundi mtu mzima huwa anajua kukaa na watoto wa namna hiyo kuliko sisi wazazi.

Akitulia, VETA, chuo cha ufundi, ipo Mtwara na kuna kozi fupi, form four kufeli haimzuii. Na akipata wenzie wenye nia, halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Inatolewa kwa vikundi, kwa iyo peke yake hatapata. Anayeshughulika nayo ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, nenda nae mkiwa mmeshaandika majina ya wenzie na kazi wanayotaka kufanya, maana mkienda mikono mitupu mtaambiwa mje wiki ijayo.

Na wewe jioni akirudi amelewa usimuulize alikuwa wapi. Mpe chakula, la fundi mwambie asubuhi.